Chokoleti za Kumwachisha Matano Ziwa

Kisarawe, Jumatatu, 4 Julai 1955

Barua imefika kutoka Misugusugu. Mkwe wangu, Bi Mwanahalima, anakuja Jumatatu ijayo kumchukua Matano. Mtoto ana miaka miwili na miezi miwili, bado ananyonya, na habari imeshafika mpaka barabara ya Morogoro. Hivyo ndivyo barua inavyosema. Mwandiko ni wa mwalimu wa chuo cha Kurani, ila maneno ni ya mkwe wangu kabisa. Atakaa na mtoto miezi mitatu, ziwa litasahaulika.

Najua ndiyo desturi. Mtoto akigoma kuacha ziwa hupelekwa kwa bibi yake. Zena naye alipelekwa. Aliporudi alisimama mlangoni akaniamkia shikamoo, kama mtoto wa jirani aliyetumwa kuomba moto. Siku tisa hakutaka kulala na mimi. Sasa Zena ana miaka saba na hakumbuki lolote. Mimi nakumbuka.

Nimemwambia Baba Zena amjibu mama yake kwamba Matano ataachishwa hapa hapa, na Jumatatu atamkuta amekwisha acha. Baba Zena alikuwa anakunywa chai. Ilimtokea puani.

Siku saba. Nimechoka, lakini si mjinga.

Jumanne, 5 Julai

Neema imeshuka. Memsahibu mmoja anarudi kwao Ulaya, anagawa vitu bomani. Karani mkuu kapata kiti cha kulalia. Mpishi kapata sufuria tatu. Mume wangu, ambaye ni tarishi tu, kapata kopo pana la chokoleti. Kaja nalo amenuna, yeye alikuwa ameipigia jicho taa. Mimi nilipoliona kopo nikajua Matano amekwisha acha ziwa.

Shauri langu ni hili. Mtoto akitaka ziwa, anapewa chokoleti. Kesho vivyo hivyo. Keshokutwa ziwa amelisahau.

Lakini mama hampi mtoto kitu asichokionja. Chokoleti ni ishirini na nne, kila moja imekaa kwenye kikombe chake cha karatasi, na ndani hazifanani. Basi nimeonja. Yenye lozi juu ni nzuri, ila inataka mtu mwenye magego. Ya duara inanukia waridi, ni kama kulamba shavu la bibi harusi. Nyembamba yenye mistari ni chungu, nadhani waliiunguza. Ya mraba ndani ina kitu kama sukari guru iliyoyeyuka, inavutika mpaka kidevuni. Hiyo ingekuja kuposa, ningekubali. Nimeionja mara ya pili, nipate hakika.

Na ya tatu.

Kopo nimelikalisha kwenye mchanga mbichi chini ya mtungi. Pale pana baridi na Zena hapachunguzi, maana ndipo anapotumwa kuteka maji.

Jumatano, 6 Julai

Matano kaamka, kanivuta kanga. Nikampa chokoleti ya mraba, na roho iliniuma. Akaila polepole, akafumba macho, akalamba vidole kimoja kimoja. Kisha akanipanda mapajani akataka ziwa. Kama mzee aliyemaliza halua, sasa anangoja kahawa yake.

Zamani alikuwa ananyonya mara nne kwa siku. Leo mara sita.

Jirani yangu Sikudhani alikuja kuazima ungo, akaona yote. Sikudhani alimwachisha mwanawe kwa siku moja. Najua kwa sababu hunieleza kila siku. Akasema, shoga, wewe humwachishi mtoto, unamwandalia karamu. Akasema nipake shubiri. Mwanawe alionja mara moja tu, na mpaka leo akikumbuka anatema mate.

Nikamshukuru. Nikampa chokoleti ya waridi apate kunyamaza. Akasema inanuka sabuni. Akaila yote, akaomba nyingine, akasema labda ile ya kwanza ndiyo iliyokuwa mbovu.

Alhamisi, 7 Julai

Nimenunua shubiri sokoni, bonge zima, maana muuzaji hakutaka kulivunja. Nyeusi, inang'aa, na uchungu wake unausikia kooni kabla hujaigusa. Nikaponda kidogo, nikachanganya na maji ya moto, nikajipaka kifuani.

Kuna jambo moja sikulifikiri. Shubiri ikishapakwa ina rangi ile ile ya chokoleti. Na Matano nilikuwa nimemfundisha mwenyewe kwamba cheusi ni kitamu. Aliponiona alipiga makofi. Mtoto alifurahi kwamba mama yake hatimaye ametia akili, ameweka vyote viwili mahali pamoja.

Uso wake siwezi kuuandika. Hakulia papo hapo. Alinitazama kwanza, kama mtu anayeuliza kama kweli ni wewe. Halafu akalia. Na mimi nikalia. Nikajiosha kwa sabuni mara tatu, nikamnyonyesha mpaka akalala.

Sikudhani aliuliza kutoka upande wa pili wa ukuta imekuwaje. Nikamjibu dawa imekubali.

Jioni nilimpa Matano ya mraba. Akageuza uso. Nikampa ya waridi, akawatupia kuku. Kila cheusi kwake sasa ni shubiri, hata kunde hakuzigusa. Ila na ziwa hana kinyongo hata kidogo.

Basi chokoleti hazina kazi tena. Ni dhambi kuacha chakula kiharibike. Nimekula mbili, halafu mbili.

Ijumaa, 8 Julai

Baba Zena alirudi kutoka msikitini akataka kopo lake. Nikamfunulia upenyo tu asione vikombe vitupu, huku nimelishika kwa chini lionekane zito.

Nimejifunza mambo kuhusu watu ninaolala nao nyumba moja. Mume wangu anapenda ile chungu. Kafumba macho, kasema hii ndiyo ya watu wazima, hizo nyingine ni za wanaoogopa maisha. Miaka tisa nimekuwa namtilia sukari vijiko vitatu kwenye chai, na hajawahi kusema neno. Nikamwuliza kwa nini. Akasema aliona nafurahi kumtilia.

Zena anapenda zenye nazi ndani. Anaitoboa kwa chini, anafyonza ile nazi, halafu analirudisha ganda kwenye kikombe na kulikalisha vizuri. Nimeyakuta matatu, matupu, yamesimama kama nyumba zilizohamwa. Nikamgombeza kwa kugusa vitu bila ruhusa. Akaniuliza kwa adabu kama mimi nilipewa ruhusa na nani.

Baba Zena kasema zilizobaki zisiguswe. Mama yake hajaonja chokoleti tangu azaliwe, Jumatatu ndizo zitakazompokea. Nikasema vema.

Kwa Matano nina shauri jipya. Nimemwambia ziwa limepanda basi, limekwenda Dar es Salaam. Alilipokea jambo hilo kiume. Akaenda kukaa kizingitini. Kila honi ikilia upande wa bomani, anasimama. Nikamwona mgongo wake mdogo, umenyooka, anangoja, nikaingia jikoni kujishughulisha na moshi. Basi la saa kumi lilipopita alikuja moja kwa moja, akafunua kanga yangu, akanionyesha. Limerudi. Alifurahi kwa niaba yangu pia.

Kweli lilikuwa limerudi.

Jumapili, 10 Julai

Jana nilikuwa na mawazo mengi. Chokoleti zimebaki nne.

Vikombe ni ishirini na vinne, Baba Zena anajua, na kesho atafungua kopo mbele ya mama yake. Nimekaa nikafikiri. Bonge la shubiri bado lipo karibu zima. Nikalikata kwa kisu vipande vipande, nikavilainisha kingo, nikavipaka mafuta ya nazi ving'ae, nikavipanga kwenye vikombe vitupu kuzunguka ukingo. Zile nne za kweli nimeziweka katikati, ambako mkono wa mgeni utafika kwanza. Ukisimama hatua mbili huwezi kutofautisha. Mimi mwenyewe karibu nichukue moja.

Mgeni atakula moja, labda mbili, atasema ameshiba. Wazee hawali sana. Vya ukingoni nitavitupa Jumanne.

Matano leo amenyonya mara tatu tu. Mara tano. Ile ya adhuhuri siihesabu kwa sababu alikuwa karibu kusinzia, na ile ya asubuhi nilikuwa karibu kusinzia mimi.

Jumatatu, 11 Julai

Mkwe kafika na basi la asubuhi kutoka mjini, na kuku mmoja chini ya kwapa. Nikamwamkia shikamoo mama. Marahaba mwanangu, umekonda. Nikamwambia Matano amekwisha acha ziwa. Wakati nasema hivyo, mkono wa Matano ulikuwa umo ndani ya kanga yangu mpaka kiwiko. Mkwe akauangalia ule mkono.

Baba Zena akaleta kopo kwa mikono miwili, akalifungua kwenye mkeka. Macho yake yakapita kwenye vikombe, vyote vimejaa ila kile alichokula yeye. Alinitazama kwa mapenzi makubwa. Iliniuma.

Mkwe akasema bismillahi, akachukua kipande kilicho mbele yake.

Kilicho mbele yake. Chakula cha pamoja unakula ubavuni mwako, hupeleki mkono katikati kama mtoto asiyefunzwa. Mimi nimelelewa hivyo hivyo, na Zena nimemchapa vidole kwa jambo hilo. Nilisahau kabisa.

Akatafuna. Nikaona shingo yake imesimama. Mzee wa watu hawezi kutema mbele ya mkwe wake na mwanawe. Akaendelea kutafuna, akameza, akaomba maji, akamaliza kata nzima. Kisha akamwuliza Baba Zena, kwa sauti ya chini, kama Wazungu nao huwaachisha watoto wao kwa peremende hizi.

Nilieleza yote. Nilikuwa nautazama mkeka. Shubiri, basi la Dar es Salaam, zile za mraba. Maneno yakishaanza kutoka hayajui pa kusimama. Nikajisikia nasema na la Zena, kwamba aliporudi kutoka Misugusugu aliniamkia kama mgeni, na kwamba siwezi kuamkiwa hivyo tena na mtoto wangu. Hilo sikukusudia kulisema. Baba Zena akatoka nje kuangalia mbuzi. Hatuna mbuzi.

Mkwe akaiweka kata chini. Akasema yeye hakuyajua hayo, angeambiwa. Halafu ile shubiri ilimkumbuka upya, akakunja uso, akaanza kucheka, akacheka mpaka ushungi ukamdondoka. Akaniambia basi nimpe ya kweli asafishe kinywa. Nikampa ya mraba. Akasema si mbaya, ila inang'ang'ania jino kama kupe. Yeye kwake utamu ni kashata ya nazi iliyoungua chini kidogo. Baba Zena akachungulia dirishani akauliza kama chungu zimebaki.

Kisha mkwe akatoa hukumu. Mtoto huyu yuko tayari siku nyingi, anakula wali, ana meno mengi kuliko mimi. Asiyekuwa tayari ni wewe, mwanangu. Na desturi ni kwamba asiyetaka kuachana na ziwa ndiye anayepelekwa. Basi Matano atabaki nyumbani kwake, na dada yake, na baba yake, na yeye mkwe. Mimi ndiye nitakayekwenda Misugusugu kwa wifi yangu Mwamvita, mpaka Jumatatu, nikalale.

Nikasema siwezi. Nikasema Zena hapendi kusukwa na mtu mwingine. Nikasema kuku wangu wanataga. Baba Zena, aliyekuwa amerudi kutoka kwa mbuzi, alikubaliana na mama yake upesi mno.

Sikudhani kasikia kila kitu. Kaniuliza ukutani kama ni kweli nimerudishwa kwetu.

Misugusugu, Ijumaa, 15 Julai

Jumanne nililala. Jumatano nililala tena, wifi Mwamvita akanigusa paji la uso kuona kama ni mzima. Kifua kiliuma sana siku mbili, nikakifunga kanga, nikalia kidogo, sasa kimepoa. Sikujua mtu anaweza kunywa uji wote ukiwa bado moto.

Leo dereva wa lori kaniletea barua ya Baba Zena. Siku ya kwanza Matano alilia. Siku ya pili alilia kidogo, akala wali kwa mchuzi. Siku ya tatu hakutaja ziwa. Ila anauliza mama yuko wapi. Anauliza asubuhi na anauliza jioni, na Zena akimjibu Misugusugu, anasema tumfuate.

Mstari huo nimeusoma mara nyingi, mpaka Mwamvita akataka kujua nani amekufa.

Mkwe alikuwa na haki. Naliandika hapa kwa kuwa yeye hasomi. Mtoto ameacha ziwa na mama hajamsahau. Ziwa ni ziwa na mama ni mama, nami nilikuwa navichanganya. Nimeelewa kabisa.

Kesho Mwamvita atanifundisha visheti. Vinatoka vyeupe kwa sukari, Matano hatavishuku. Nimekwisha uliza mabasi. Mkwe anadhani nitafika Jumatatu, lakini nikiondoka hapa Jumapili alfajiri nitafika Kisarawe naye yuko kisimani. Nitaingia kwa mlango wa uani. Kwanza nitampa mtoto visheti. Halafu nitamnyonyesha mara moja tu, ya kuagana.

Mkwe hatajua.