Masale Saba kwenye Bustani ya Mgiriki

Jumatatu, 8 Julai

Kikao cha asubuhi. Mama Yuditha, msimamizi wetu, kasema ziara haziingizi kitu. Miaka sita natembeza wageni kwenye Jumba la Mgiriki hapa Kilema! Veranda, mashine ya kukobolea kahawa, bafu la chuma lenye miguu ya simba. Wazungu wanashuka mlimani magoti yamekufa, ngazi hawaziwezi, nawakalisha chini na kuwasimulia ghorofa nzima kwa mikono. Nani mwingine angeweza?

Sasa kumbe sherehe ndizo zinazolipa. Jumamosi kuna sendofu ya kumuaga bibi harusi Stella, mjukuu wa Mzee Ildefonce wa hapo chini. Watu mia tatu, hema bustanini. Ikienda vizuri, ziara zinafungwa na mimi nahamia chini ya Shedrack, mkuu wa sherehe, kubeba viti.

Shedrack! Juzi tu alikuwa anapuliza maputo. Naogopa hadi kalamu inateleza.

Jumanne, 9 Julai

Nimepata! Isale. Hata mtoto wa huku anajua: jani la mpakani, jani la kaburini, jani la kuombea msamaha, ambalo halikataliwi. Palipo na masale ya kaburi hakuna Mchagga atakayechimbia nguzo ya hema. Mkatoliki, Mlutheri, profesa, wote watarudi nyuma.

Nimeng'oa saba alfajiri kwenye mpaka wa kihamba chetu, shamba la ukoo, kule Marangu. Saba tu, mpaka hautakimbia. Saa ya chakula wenzangu wakiwa jikoni na mtori wao, na ukungu umeshuka hadi hauoni mkono wako, nimeyapanda kwenye pembe ya bustani. Nikainua udongo kidogo. Nikazungushia mawe.

Nilipomaliza nikasimama kutazama. Aisee, lilikuwa kaburi kabisa. Nikajikuta nimevua kofia. Mimi ni mwanakwaya, wafu siwaogopi, lakini nimerudi ofisini kinyumenyume.

Jumatano, 10 Julai

Limefanya kazi! Vijana wa hema waliona, wakalaza nguzo chini taratibu, wakarudi kwenye gari na kufunga vioo. Shedrack aliwabembeleza, akawakaripia, akawaomba. Wapi. Akanitazama muda mrefu. Nikatazama mlima, ambao haukuonekana.

Wageni nao wamefurahi sana. Kwenye kitabu cha wageni wameandika kwamba kaburi ni zuri kuliko bafu. Mama mmoja aliuliza nani amelala pale. Nikasema mtu mkubwa. Akaweka ua.

Ndipo Mama Yuditha akaniita na kuuliza swali hilohilo. Kaburi la nani? Sikuwa nimefikiria hilo. Kaburi lazima liwe na mwenyewe, lo! Nikasema uchunguzi unaendelea. Akasema vizuri, yeye ameshampigia simu Mzee Ildefonce aje aangalie.

Sijala mchana. Wala jioni.

Alhamisi, 11 Julai

Afadhali ningekuwa nabeba viti.

Mzee Ildefonce alikuja na fimbo yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitika bila kunitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye masale, akapiga goti, akaingiza vidole kwenye udongo, akashika shina moja. Kisha akaanza kulia, mzee wa miaka karibu themanini, mbele yetu sote.

Akatueleza. Babu yake alikuwa mkata matawi wa kahawa wa Mgiriki. Mwaka wa nzige alipanda huku asubuhi na panga lake, hakurudi. Wengine walisema aliangukiwa na mti, wengine walisema mengine. Mgiriki hakusema kitu. Nyumbani waliacha nafasi ya kaburi lake kihambani karibu na bibi, ikabaki nafasi hadi leo. Mzee alipokuwa mdogo, baba yake alimtuma mara nyingi kuzunguka shamba hili kutafuta palipowahi kufukuliwa.

Akauliza nani amegundua. Shedrack, nyoka yule, akasema kwa upole kwamba Praygod alionekana huku juzi saa ya chakula.

Wote wakanigeukia. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe, ukasema nilioteshwa.

Mama yangu! Kwa nini? Mzee akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasema sendofu itafanyika hapahapa, kando ya babu, ukoo mzima utakuja. Na kwa kuwa babu amejionyesha kwangu, atakayemimina kata ya kwanza ya mbege, pombe yetu ya ndizi, juu ya kaburi ni mimi. Niseme na jina lake kwa sauti.

Vijana wa hema wakarudi, maana mwenye babu karuhusu. Kwa hiyo sherehe ipo, kubeba viti kupo, na juu yake nimejiongezea marehemu.

Ijumaa, 12 Julai

Sikulala.

Isale moja limenyauka. Sita yameinama upande wa dirisha la ofisi yangu. Sakafu ya ghorofani inalia na hakuna mtu. Kila siku inalia, nawaambia wageni ni mbao za zamani, leo sijiamini. Nimetembeza kundi moja tu, tena mbio. Tulimaliza jumba kwa dakika tisa. Mgeni mmoja aliuliza kama kuna moto.

Nikamwaza huyo babu. Popote alipo, anasikia jina lake litaitwa mahali asipokuwepo, na anajua nani kaanza. Atamfuata nani? Shedrack? Thubutu.

Saa nane ukungu ulipotanda nikaamua kuyang'oa, liwalo na liwe. Nikanyata. Nikasikia sauti pale kaburini. Nikajibanza nyuma ya tangi la maji.

Alikuwa Mzee Ildefonce, peke yake kwenye kigoda. Alikuwa anamhadithia babu yake habari za nyumbani, kwa Kichagga, polepole. Nani kazaliwa. Nani kafa. Kwamba kahawa ya juu imekatwa, wamepanda parachichi. Kwamba Stella anaolewa na mtu wa Holili, si mbaya sana.

Nimekaa nyuma ya tangi hadi alipoondoka. Niliona haya, ambayo ni mbaya kuliko woga, kwa sababu woga nimeuzoea.

Jumamosi, 13 Julai

Watu mia tatu. Hema jeupe. Shedrack kavaa suti, anang'aa. Ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, kasimama mezani na majani mdomoni, nikaona ananitazama mimi tu.

Wakaniita mbele. Nikapewa kata ya mbege. Nusu ikamwagika kwenye kiatu changu. Ukungu ukaingia hadi ndani ya hema. Nikafungua mdomo niseme jina, na jina halikutoka. Nilijua nikilitamka sitoki pale mzima.

Nikaweka kata chini. Nikachuma jani la isale, nikalifunga fundo, nikapiga magoti, nikampa Mzee kwa mikono miwili. Nikasema kila kitu. Masale ya mpakani kwetu, mawe, ndoto, viti. Mama Yuditha alishika kichwa.

Mzee alilitazama lile jani. Nikaogopa kuliko siku zote. Halafu akalipokea.

Alisema, "Nilijua tangu Alhamisi, kijana wangu. Isale la miaka themanini haliyumbi ukilishika."

Nikamuuliza mbona alilia.

"Nimemtafuta tangu niko mtoto. Hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumchimbia, hata kwa uongo. Nikasema basi, nitakaa hapa."

Akamimina mbege mwenyewe, akalitaja jina. Akasema masale yabaki, na mimi nitayatunza. Niliyamwagilia palepale sherehe ikiendelea, nikilia kama mtoto. Mama Yuditha naye nikampa jani. Angefanyaje? Alilipokea kwa vidole viwili. Ziara zibaki siku za Jumamosi, kasema, siku nyingine viti.

Jumapili, 14 Julai

Nimelala fofofo. Kanisani nimeimba besi hadi mwalimu wa kwaya kageuka.

Habari mbaya moja: jirani keshapanda migomba mitatu kwenye mpaka usio na masale. Mpaka umekimbia.

Lakini nimekaa nikafikiri. Kosa kubwa vile! Uongo, kaburi, ukoo mzima. Jani moja, fundo moja, imekwisha. Na hakuna awezaye kulikataa. Miaka yote hii nimekuwa nikiogopa bure.

Ijumaa ijayo Shedrack ana harusi ya mtu wa benki, na nimegundua mahali anapoficha ufunguo wa jenereta.

Jioni nimepita kumwagilia babu. Nimekata majani manne palepale na kuyafunga mafundo mapema kabisa, yako kwenye mkoba. La Shedrack, la Mama Yuditha, la bwana harusi. La nne sijui bado la nani. Nilipokata hilo, masale yote sita yalitikisika kwa pamoja, na upepo haukuwepo.

Kesho nitakata la tano, la babu.