Maji ya Tarumbeta

Jumapili, 7 Septemba 2025

Na simsemi Anatory, kiongozi wa kikundi cha matarumbeta cha usharika, kwa wivu, hata kama yeye yuko na mkewe kila siku, na mimi nimeoa wiki tatu tu nikabaki na mto wa kulalia. Nasema nilichokiona. Baada ya mazoezi alikamua mate yote yaliyotuama ndani ya matarumbeta, akajaza kikombe, akamwamuru Georgina, msichana aliyejiunga juzi, apige magoti anywe. Eti ndio ukaribisho wa wageni kikundini! Wenzake wakacheka: kunywa, dada, utapuliza vizuri! Akanywa. Akatapika kwenye migomba.

Ni mara ya pili. Consolata wangu aliona mgeni mwingine akifanyiwa hayo hayo siku ya harusi yetu, nyuma ya ukumbi, na shela kichwani. Consolata! Nesi mzuri kuliko wote huko Muleba anakofanya kazi! Mimi mwajiri wangu, Mzee Rohit, huniachia kutoka dukani Jumapili tu, na Jumapili ndiyo zamu yake. Nyumba hii ya Rwamishenye ina viti vinne. Leo nimekalia vyote.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimepata wazo! Kituo chao cha afya hakitoi ruhusa ila kwa barua ya mwito. Na malalamiko hupelekwa kwa Ma Magdalena, katibu wa vijana wa usharika, halafu kamati huwaita mashahidi. Kwa barua! Nimeandika kurasa mbili. Shahidi namba moja: mke wangu mpendwa. Georgina atapata haki, mimi nitapata mke. Nimetandika shuka jipya.

Jumatano, 10 Septemba

Taarifa imerudishwa. Ma Magdalena amesema kamati haina haja ya kujua macho ya shahidi yanang'aa vipi. Nimefuta. Imebaki nusu ukurasa. Ameipokea.

Georgina aliningoja nje. Aliuliza kama nina hakika, maana Anatory ameapa kwamba taarifa ikianguka, yeye Georgina hatashika tarumbeta tena maisha yake yote. Nimemwambia atulie, kaka yupo.

Ijumaa, 12 Septemba

Balaa! Kamati haimwiti Consolata. Inamfuata! Kesho, watu wanne, gari la usharika. Nimeomba nafasi hata kwenye buti. Ma Magdalena amekataa: mlalamikaji na shahidi wasionane wala kupigiana simu mpaka uamuzi utoke, wasije wakapangana maneno. Nikamwambia, lakini huyu ni mke wangu, Ma! Akajibu kwamba ndiyo sababu.

Jumamosi, 13 Septemba

Wamerudi. Wameshiba! Consolata aliwapikia ndizi na samaki. Wote wanne wamenipa mkono: Aristides, umeoa! Najua nimeoa! Jioni nimekula mkate mkavu.

Jumatano, 17 Septemba

Anatory kaja dukani kwa Mzee Rohit, amejiegemeza kwenye majora ya vitambaa. Ananiambia: futa taarifa, bwana harusi, utaongea na mkeo dakika hii hii. Akasema hata yeye alinyweshwa na hakufa. Nikashika simu. Nikaiangalia picha ya Consolata. Kisha nikamkumbuka Georgina kwenye migomba, ameshika tumbo. Nikaizima simu.

Nyumbani kimya. Nasikia mchwa wakitafuna dari. Nimewaambia habari za asubuhi ya harusi.

Jumapili, 21 Septemba

Uamuzi! Anatory amevuliwa uongozi, amemwomba Georgina msamaha mbele ya kikundi kizima. Ukaribisho marufuku. Georgina kapuliza leo mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Vibaya sana! Sijawahi kusikia kitu kizuri hivyo.

Halafu Ma Magdalena akaniita pembeni. Ameniombea siku mbili kwa Mzee Rohit. Panda basi kesho, mwanangu, uende kwa mkeo kama waume wengine.

Kama waume wengine! Mimi? Nimemshukuru, nimezikataa siku hizo mbili. Nimeomba badala yake niteuliwe mkaguzi wa vikundi vyote vya matarumbeta vya Muleba, Consolata aone mume wake ni nani. Inahitaji kikao kimoja tu na sahihi tano. Vumilia, kipenzi changu. Kabla mwezi huu haujaisha nitabisha mlangoni kwako, na nitakuwa na cheo!