Kila Kazi na Kodi Yake

Jumatatu, 10 Aprili 1995
Leo ni siku yangu! Mhandisi Maige amenikabidhi kompyuta ya saiti na programu ya ratiba. Kila kazi ya ujenzi wa kiwanda hiki cha samaki itapewa herufi zake: mahali, aina ya kazi, mhusika. PAS ni hapa Pasiansi. SEL ni Selina wa stoo. LUH ni Luhende, seremala mkuu, mwenye pikipiki na meno mengi. BYA ni mimi, Byabato. Ukishaingiza herufi, mashine inachambua yenyewe nani afanye nini, wapi. Anayepanga herufi ndiye anayepanga watu. Maige hajaling'amua hilo.

Nikawakusanya mafundi. Nikatangaza kwa Kiswahili fasaha kwamba kuanzia sasa kila kazi itakuwa na kodi yake. Mwiko wa fundi mmoja ukaanguka. Wakauliza ni mageuzi gani haya ya kumtoza kodi hata mpiga lipu! Wakagoma mpaka mchana. Maige akaniagiza niseme alama, si kodi, hata kama kwa Kiingereza ni code. Wakati wa kula hakuna aliyekaa kwenye benchi langu.

Jumanne, 11 Aprili
Tangu nihamie Mwanza sijaalikwa na mtu hata chai. Chumbani napika ndizi za watu wawili, kwa mazoea ya kwetu Kamachumu, nazimaliza mwenyewe huku nikibishana na redio. Pasaka hii sili peke yangu. Nimeapa!

Mpango: Jumapili ya Pasaka, kuhesabu stoo, PAS, mhusika SEL. Msimamizi BYA. Nitaleta ndizi na sato, tutakula juu ya mifuko ya saruji. LUH nimempa kukagua mbao Nansio. Meli imchukue na meno yake.

Jumatano, 12 Aprili
Balaa. Selina kaiona ratiba ukutani. Laiti angekasirika. Alicheka tu, akasema Pasaka yeye hahesabu misumari, atakuwa kwao Igoma. Kisha akainama mezani kwangu, akasema polepole kwamba Jumapili kwao kuna kalamu, na mama yake amesisitiza nisikose.

Kalamu! Baba yake ana duka la madaftari kule, najua. Nami nilidhani ananipenda kidogo. Kumbe soko huria limemwingia, anatafuta wateja hata sikukuu. Imeniuma sana. Nikamjibu kwamba ofisi ina kalamu za kutosha, ila nitatuma mtu. Akaniangalia. Akaondoka bila kuaga.

Alhamisi, 13 Aprili
Nimepata! Nansio nimefuta. Kazi mpya: kuchukua kalamu, mahali IGO, siku Jumapili ya Pasaka, mhusika LUH. Seremala mkuu atumwe kalamu kama mtoto wa shule! Maige akasaini bila kusoma, anawahi basi la Shinyanga. Luhende aliposoma alikenua meno yote, akanishika mkono kunishukuru. Mjinga kabisa.

Jumapili, 16 Aprili. Pasaka
Misa ya kwanza. Kisha saiti, maana sina pengine pa kwenda. Mlinzi Mhoja ameenda kwa shemeji yake, kaniachia rungu. Nimekula ndizi zilizopoa nikitazama ziwa. Upande wa pili wa ukuta watu wanaimba. Nikachapisha ratiba nzima, nisikie tu ile printa ikikwaruza. Kwenye mstari wa leo PAS ina BYA peke yake. Nilinyanyua simu ya ofisi kuona kama imekufa. Inafanya kazi.

Jumanne, 18 Aprili
Luhende karudi, mashavu yanang'aa. Nikamdai kalamu mbele ya mafundi wote. Akaniwekea mezani mnofu wa mbuzi kwenye gazeti, akasema ndizo zilizobaki. Vicheko mpaka juu ya jukwaa la ujenzi!

Selina hakucheka. Akaniambia alisema kalamu, kalamu ya Pasaka, ya pilau na mbuzi, na kwamba mama yake alinitunzia kiti mpaka jioni. Mwishowe kakikalia Luhende.

Karamu! Jamani. Watu wa hapa na l yao! Nimeenda nyuma ya stoo, nikalia. Mtu alipopita nikasema ni vumbi la saruji.

Alhamisi, 20 Aprili
Nimeerevuka! Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nimebandika kanuni juu ya kompyuta: Selina akitamka l, maana yake ni r. Hanipati tena.

Na leo hii kaja, mpole kweli. Akasema yaliyopita si ndwele, mama yake ananiomba sana Jumapili nifike Igoma, tupate kula.

Ahaa! Nikatazama kanuni yangu. Kura! Vyama kila kona, uchaguzi ni Oktoba, nao tayari wananivizia. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba kura ya mtu ni siri yake, siwezi kuitoa nyumbani kwa watu, ila awape wazazi shikamoo yangu. Akageuka, akarudi stoo. Nilivyomweza!

Ratiba ya Jumapili nimeshaiingiza. PAS, BYA. Jioni nilipitia sokoni, nikanunua ndizi za watu wawili.