Mashine Yangu ya Vumbi na Fufu ya Mama Mkwe

Jamani, leo sina uso. Yaani ninao, ila umejaa vumbi la mbao mpaka ndani ya masikio.

Mnajua mimi ni menuisier, fundi wa mbao, na atelier yangu hapa Vulamba, yaani karakana, imeshikana na nyumba. Ukuta mmoja tu. Nikipasua mbao, vumbi linakwenda kulala kwenye vitanda, kwenye nguo, kwenye sufuria. Mara ya mwisho mama mkwe alipotoka Vuhovi kututembelea, alitafuna fufu, kisha akatoa kibanzi cha mbao ya libuyu mdomoni. Mke wangu Masika alikasirika sana.

"Papa Espoir, mama akikuya tena na vumbi iingie mu chakula yake, hii atelier inahama!"

Ihamie wapi? Hapa ndipo napiga msumari huku nasikia harufu ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikiiva. Siendi popote!

Basi nikatengeneza mashine ya kunyonya vumbi. Nilichukua feni ya moulin moja ya kusagia unga iliyokufa, nikaifunga bomba. Upande mmoja wa bomba unakaa chini ya msumeno, upande wa pili unatoboa ukuta na kutokea uani, na vumbi linaingia kwenye mfuko wa mchele uliofungwa kwa raba ya baiskeli. Ikafanya kazi! Sufuria zikawa safi kabisa. (Nikaanza kutembea kama ingénieur.)

Leo mama mkwe akaja. Asubuhi nilikuwa napasua mbao, courant, yaani umeme, ikakatika. Nikaacha kila kitu vilevile, nikaenda kuoga na kuvaa shati jeupe. Swichi? Nani anafikiria swichi wakati courant haiko?

Meza tuliiweka uani kivulini, karibu kabisa na ule mfuko. (Mimi ndiye niliyechagua mahali. Nilitaka auone.) Fufu ikaja, sombe ikaja, makayabo, wale samaki wa chumvi, yakaja. Mama mkwe akachungulia fufu yake kwanza, kama mtu anayetafuta sindano.

"Hapana ogopa, mama. Vumbi iliisha hapa."

"Iliisha? Ilienda wapi?"

Hapo ningejibu tu kwamba liko kwenye mfuko, tukale. Lakini huu mdomo wangu!

"Ngoja nikuonyeshe, mama."

Masika akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikadhani ni mapenzi. Nikainuka, nikafungua raba, nikaushika mfuko wazi mbele ya mdomo wa bomba, nikauinamisha kidogo ili mama aone vizuri ulivyojaa.

"Angalia, mama! Hii yote ungeikula!"

Kwa jirani watoto wakapiga kelele: "Courant imekuyaaa!"

Vuuuuu!

Feni ikapuliza mfuko wote mezani. Sikuona tena meza. Sikuona mama mkwe. Nilisikia tu mtu anapiga chafya kwa Kinande. Nikakimbia kuzima swichi, nikagonga kichwa kwenye mlango nilioutengeneza mwenyewe. Niliporudi, fufu ilikuwa na rangi ya libuyu, shati langu pia, na mama mkwe amekaa palepale, tonge mkononi, nyusi zimeota vumbi.

Masika hakuniangalia hata kidogo.

"Mama, sema weye. Atelier inahama ao inabaki?"

Mama mkwe akaweka tonge chini. Akajipangusa polepole. Akaangalia bomba, akaangalia mfuko, ambao haukubaki na kitu.

"Mukwe, hii kintu inapulizaka na nguvu hivi siku yote?"

"Ndiyo, mama. Unisamehe, mama."

"Maharagi yangu kule Vuhovi, napepetaka na mikono mpaka mugongo inauma." Akapiga chafya tena, kisha akaanza kucheka mpaka kitenge kikamlegea. "Groupe, ile jenereta ya courant, iko kwetu. Donc, atelier ibaki. Mashini naenda nayo."

Jioni nimeifunga mwenyewe nyuma ya pikipiki, kwa raba ileile, nikasema "Wasingya, mama", yaani asante, huku machozi yananilenga. Atelier yangu imepona. Nimebaki na ndoo ya maji, ufagio na vumbi langu lote. Ukipita Vulamba ukanikuta nanyunyizia sakafu maji kwa mkono, nisalimie upite zako. Mama mkwe ameshanicheka kwa niaba yenu wote.