Mgongo Wangu Uliokataliwa na Daktari wa Migongo

Kambi ya Wachumaji wa Pareto,
Molo.
Juni 1957

Kwa Bwana Mkubwa wa Madaktari, Nakuru.

Mheshimiwa Bwana,

Nakusalimu wewe, mke wako, watoto, na ng'ombe kama unao. Mimi ni Chelagat, mama yake Kimaiyo. Shule sikuiona. Anayeshika kalamu ni Mwalimu Hiram wa kanisani, na nimemkataza kulainisha maneno yangu. Akilainisha nitajua, maana hukohoa.

Nalalamika kwa heshima. Daktari wako kijana alipiga hema hapa kambini akitafuta wanawake wa kujitolea wapimwe uti wa mgongo na matiti, ili wenye elimu wajue migongo inapinda kwa nini na kansa inaingiaje kwenye titi. Nilijitolea wa kwanza. Akanikataa. Mashtaka yangu ni haya:

1. Jepkoech, mke wa mwanangu, ana uvimbe kwenye titi la kushoto, mgumu kama kokwa la pichi. Amenionyesha mimi tu. Hemani hataki kuingia mpaka mimi nitangulie, kwa sababu kwetu mke wa mwana hamtangulii mama mkwe, hata kwenye bakuli la ugali. Kwa hiyo ukinikataa mimi umemkataa yeye, na ana watoto watatu wadogo. Hilo ndilo neno kubwa. Yanayofuata ni hasira.

2. Daktari aliniuliza habari ya mgongo nikiwa bado mlangoni mwa hema. Nikajibu, mzuri sana. Ningejibu nini? Ni mgeni, tumeonana sasa hivi, chai hajanywa! Huku kwetu hata aliyevunjika mguu hujibu mzuri kwanza, halafu mnakaa, mnakunywa, na habari za mguu zinaingia polepole. Yeye akaandika kwamba mimi ni mzima, akaita mwingine. Naye akajibu mzuri. Kambi nzima tulijibu mzuri. Hata Naliaka, ambaye hajasimama wima tangu mwaka wa nzige, alijibu mzuri huku akiongea na viatu vya daktari. Daktari akasema hajapata kuona kambi yenye afya namna hii.

3. Mnyapara wetu, Kiplangat, alisikia. Sasa ametuongezea mistari ya kuchuma pareto, kwa kuwa migongo yetu imesifiwa na serikali.

4. Nasema sasa bila adabu: mgongo wangu umekwisha. Umebeba watoto wanane, kuni za maisha yote, na maji ya watu wasionishukuru. Siwezi kuinua hata sufuria tupu. Nikiinama kuwapa kuku mahindi, kuku wenyewe wananihurumia. Mgongo mbovu kuupita huu hamtaupata hata mkizunguka mpaka Naivasha.

5. Kama mgongo hautoshi, pimeni matiti. Yametazamwa na watoto wanane na wawili wa jirani, hayaogopi daktari. Kuona haya nimewaachia wasichana.

6. Na kama sheria yenu ni kwamba lazima mtu augue kwanza, basi daktari aniambie niugue nini, nianze leo, maana hema linang'olewa Jumatano.

Naomba mambo mawili. Nikubaliwe. Na daktari yeyote atakayetumwa huku afundishwe kwanza kunywa chai. Asiulize kitu kwenye kikombe cha kwanza. Ukweli uko kwenye cha pili.

Wasalimie wapishi, madereva, mabawabu, na wagonjwa wako wote, hata wale wasiopenda kusalimiwa.

Ni mimi mwenye mgongo mbovu kabisa,
Chelagat
(kidole gumba chake)

Nyongeza: Mwalimu alipokwenda kutafuta bahasha, nimeona hema linang'olewa kabla ya siku yake. Nimemfuata Jepkoech shambani. Amekataa. Nimemfunga mgongoni kwa shuka kama mtoto, ananipiga mabegani, nimepanda naye kilima chote mpaka ndani ya hema. Kwa kuwa mimi nilikuwa mbele na yeye nyuma, nimetangulia, na hakuna mila iliyovunjika. Daktari amecheka mpaka akashika nguzo. Amesema mgongo kama huu ndio anaoutafuta, nikae nipimwe. Nimemwambia sina nafasi. Futa namba nne yote.

Kisha amempapasa Jepkoech, na kicheko kimekwisha. Kesho anamleta kwako kwa gari lake, akatwe uvimbe huo. Nami nakuja. Wananiambia kitanda ni cha mgonjwa peke yake. Basi nitalala chini ya kitanda, na atakayetaka kunitoa aje na wenzake.

Noa kisu vizuri, Bwana Mkubwa. Unayemkata ni mtoto wangu.