Pikapu Yangu kwa Jina la Shangazi

Jumamosi, 5 Aprili
Nimenunua pikapu! Nyekundu, milango minne, viti vinavyopasha joto makalio. Nimeinunua Oregon, ng'ambo ya mto, ambako hakuna kodi ya mauzo. Shida ni kwamba mimi nakaa Camas, jimbo la Washington, na huku ukienda kusajili gari wanakudai kodi ileile uliyoikimbia. Maelfu ya dola! Kwa gari ambalo tayari nimelilipia! Lorna, mke wangu, anasema nilipe yaishe. Nimemwambia kodi hulipwa na wasio na ndugu. Mimi nina Shangazi Ardis, mjane, anakaa Gresham, Oregon. Kadi ya gari imetoka kwa jina lake, namba ni za Oregon, gari naliendesha mimi. Undugu ni kufaana. Shangazi amesaini bila kuuliza swali. Mwanamke wa aina yake!

Jumatatu, 7 Aprili
Jirani yangu Gus Tollefson amesimama asubuhi nzima akitazama namba zangu. Gus ni mstaafu. Hana mke, hana mbwa, ana mimi tu. Anawachukia wakazi wa huku wanaotembelea namba za Oregon. Anasema barabara anawalipia yeye. Akaniuliza mgeni wetu anaondoka lini. Nikasema gari ni la shangazi yangu. Shangazi yuko wapi? Amelala. Akasema, "Akiamka nisalimie," kwa sauti ya polisi. Hajawahi kuwa polisi. Alikuwa akiuza magodoro.

Jumatano, 9 Aprili
Sheli. Nimesimama kwenye pampu, nataka kushuka nijijazie mafuta kama kila mtu huku, naona askari wa barabarani anakunywa kahawa pembeni, macho kwenye namba zangu. Nikashtuka. Mtu wa Oregon wa kweli hajijazii mafuta! Kwao hukaa garini kama bwana harusi mpaka ajaziwe. Nikishuka tu, nimekwisha. Basi nikakaa. Nikashusha kioo. Nikangoja. Nyuma yangu wakaanza kupiga honi. Askari akaagiza kahawa nyingine.

Nani atokee? Gus. Akaja na tabasamu pana, akapaza sauti: "Karibu Washington, mgeni! Nikujazie?" Ningesema nini? Nikasema tafadhali. Akajaza mafuta ya bei kubwa kuliko yote, mpaka yakamwagika, kwa pesa yangu. Kisha akanyoosha mkono apewe bakshishi. Nikampa! Askari akaniinulia kikombe.

Ijumaa, 11 Aprili
Mpango mpya. Gus anataka shangazi, atapata shangazi. Nimemleta akae kwetu wiki moja, aonekane. Njia nzima nimemfundisha: akiulizwa, aseme gari ni lake, pesa ni zake, mimi Wendell namwendesha tu. Alikuwa akisahau, nikamrudisha mwanzo. Tulipovuka daraja alikuwa amehifadhi vizuri kuliko mimi. Gus alitusubiri na pai ya tufaha. Akamhoji. Shangazi hakutetereka hata kidogo. Gus akaondoka ameinamisha kichwa. Ushindi!

Jumapili, 13 Aprili
Shangazi ameomba ufunguo aende kanisani. Amerudi jioni. Anasema vile viti vimemtibu nyonga kuliko daktari. Nikamuuliza kwa adabu atanirudishia lini ufunguo. Akauliza ufunguo wa nani. Nikamkumbusha makubaliano yetu. Akasema, "Mwanangu, si wewe uliyenifundisha? Gari langu, pesa zangu." Kisha akanishika mashavu, akasema tangu mumewe afe hajapewa zawadi kubwa hivi. Akalia. Lorna naye akalia, kwa furaha. Nami nikalia. Hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Ijumaa, 18 Aprili
Pikapu imeenda zake Gresham. Naendesha gari la Lorna, lenye harufu ya maziwa. Leo pikapu imepita mtaani kwetu na fimbo za kuvulia samaki nyuma. Shangazi alikuwa kwenye usukani. Kando yake, Gus! Ameketi kwenye kiti changu cha joto! Wakapiga honi. Silali tena.

Jumanne, 22 Aprili
Nimepiga magoti sebuleni kwa Shangazi. Nimeungama yote. Akanicheka mpaka akatafuta leso. Anasema alijua tangu siku ya kusaini, ila alitaka kuona nitafika wapi. Gari nitarudishiwa, nisajili kihalali huku Washington. Nikafurahi mno. Maana zawadi kutoka kwa shangazi haitozwi kodi!

Alhamisi, 24 Aprili
Hutozwa. Karani ameuliza kama aliyetoa zawadi aliwahi kuilipia kodi. Hapana. Basi nalipa mimi niliyepewa, kwa thamani yote ya gari. Nikasema nimeipokea juzi tu. Gus, aliyekuja kumsindikiza Shangazi, akamweleza karani kwa upole kwamba gari lilianza kulala kwangu tarehe tano. Basi na faini ya kuchelewa. Lorna akauliza kama sasa nimeridhika. Wanawake wote wawili wakaenda kula aiskrimu na Gus. Sikualikwa.

Jumamosi, 10 Mei
Habari kubwa! Gus na Shangazi wanaoana mwezi ujao. Wanasema umri wao haungoji. Gus anauza nyumba na kuhamia Gresham. Amekwisha badilisha hata leseni. Nilipoambiwa nilimkumbatia Gus kwa nguvu zote, nikamwita mjomba. Lorna alifuta machozi, akasema hatimaye nimekuwa mtu mzima.

Gus Tollefson, mkazi wa Oregon! Mchana nikavuka mto nikanunua trela la kulala, lenye jiko na choo. Limeandikwa jina lake. Amesaini palepale, hakuuliza swali, mtu muungwana kabisa. Ameomba tu aliazime kwa fungate.