Tyubu ya Hewa Nzito

Jumatatu, 3 Februari 2025
Beryl, dada ya mke wangu, ameshuka kutoka bara na vita juu. Anataka kumpeleka Truphosa kwao milimani. Mapafu ya mke wangu yamechoka, hatua tatu anakaa. Beryl anasema hewa ya Mombasa ndiyo inayommaliza. Ananifundisha hewa mimi, fundi wa pancha Shimanzi, miaka ishirini naishindilia kwenye tairi!

Jumanne, 4 Februari
Silaha imepatikana. Nilikwenda Kuze kununua gundi dukani kwa Zoher, nikamkuta bintiye Iqra, mwalimu wa sayansi. Amesema mchanganyiko wa hewa ni uleule, pwani na milimani: katika mia, sabini na nane naitrojeni, ishirini na moja oksijeni, kinachobaki makombo. Ila hewa ina uzito. Ya juu huilalia ya chini, kwa hiyo huku pwani ni nzito, na ukipanda inazidi kuwa nyepesi. Gundi nikaisahau.

Jioni nilimsomea Beryl yote. Ndipo Truphosa akasema polepole, "Joab, mimi sitafuti hewa. Namtafuta mama yangu."

Alhamisi, 6 Februari
Wameondoka. Truphosa aliniomba niandamane nao. Nikakataa, nina mpango. Kanga yake nimeikunja mara nne, na bado sijui niiweke wapi.

Jumamosi, 8 Februari
Nimejaza tyubu ya lori hewa nzito ya pwani. Si hewa ya Shimanzi yenye moshi. Niliikokota hadi ufukoni Kuze na pampu ya mguu. Wazee wa barazani waliuliza kama nakwenda kuogelea. Bonface, dereva wa lori, ataifikisha. Truphosa afungue vali kidogo kidogo aivute, kutwa mara tatu.

Jumatatu, 10 Februari
Bonface mjinga! Anasema kila alipopanda mlima tyubu ilizidi kufura, akaogopa itapasuka, akaifungua njiani. Imefika bapa.

Jumatano, 12 Februari
Truphosa amefariki alfajiri, mikononi mwa mama yake. Beryl amenipigia simu, hakunigombeza. Heri angenigombeza. Amesema jana Truphosa aliishika ile tyubu, akauliza kwa nini nimetuma hewa na sikuja mwenyewe. Nimelia mbele ya wateja.

Alhamisi, 13 Februari
Mazishi ni Jumamosi asubuhi, huko kwao milimani. Mama mkwe anakohoa kwa kulia. Nimemjazia tyubu mbili. Kondakta wa basi amezikataa, akasema nipande mimi, zenyewe zibaki. Kiti nimemwachia yeye na basi lake. Lori la Bonface linaondoka Jumamosi mchana. Safari hii nitazilinda vali mwenyewe.